Ndege za Vita Zilizozama Pwani: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Mombasa

Tuko watu wanane. Watatu ni wazamiaji, mmoja fundi wa mashine za boti, mmoja mwalimu wa historia aliyestaafu, mmoja mvuvi, mmoja karani wa bandari, na mimi niliyebebeshwa kalamu. Hatuna ofisi wala jina. Hukutana barazani Mji wa Kale baada ya Alasiri, kahawa ikipita, tukizungumzia ndege za Vita Vikuu vya Pili: zilizoanguka, zilizozama, zilizosahauliwa, na kama zina haki ya kuachwa zilipo. Maswali yamekuwa yale yale, nasi tumechoka kuyajibu mmoja mmoja kwenye simu. Haya hapa, na majibu yake.

Kwani Mombasa kulikuwa na ndege za kivita? Mimi nikidhani vita vilikuwa Ulaya.

Swali hili huulizwa na watu wanaokanyaga jibu lake kila siku. Ukiteremka uwanja wa Moi, umeteremka pale palipoitwa uwanja wa Port Reitz, na wakati wa vita uwanja huo ulijaa wanajeshi. Ukipita Kipevu, ambako leo macho yako yanaona matangi ya mafuta na mitambo ya umeme, ujue maji yale yalikuwa ya Catalina, ndege kubwa za kutua baharini zilizotoka alfajiri kuwinda nyambizi. Kikosi nambari 259 kilianzishwa hapo Kipevu mwaka 1943, na Agosti mwaka huo huo kilishiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 upande wa kusini wa Madagaska.

Chanzo cha msongamano wote huo ni Aprili 1942. Ndege za Japani zilipiga bandari za Ceylon, Sri Lanka ya leo: Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na siku hiyo ya pili zikaizamisha Hermes, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege. Admirali Somerville, mkuu wa manowari za Uingereza huku, akaona Ceylon si pa kukaa tena. Kilindini ikawa kimbilio, kisha kambi kuu ya manowari zake. Jina lenyewe lajieleza: penye kilindi, meli kubwa hupata pa kutia nanga. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa, madarasa yakajaa wataalamu wa kufumbua mafumbo ya simu za upepo za Wajapani. Wanafunzi wa leo wanaolalamikia hesabu wakumbuke kwamba madawati yale yamewahi kuona hesabu ngumu zaidi.

Wanamaji wa Uingereza walikuwa na desturi ya kukipa kila kituo chao cha nchi kavu jina kana kwamba ni meli. Kituo cha ndege zao Kilindini wakakiita Kipanga. Cha Nairobi, Korongo. Cha Tanga, Kilele. Aliyechagua alikuwa amekaa na Waswahili, maana kipanga kila mtoto wa pwani anamjua: ndiye anayeshuka bila kelele na kuondoka na kifaranga.

Na kabla ya hapo, tangu 1940, vita vilikuwa vinapiganwa na Waitaliano kaskazini. Waafrika Kusini walileta Kenya Hawker Fury na Hurricane kupambana na Fiat na Caproni za Mussolini. Oktoba 1940 ndege za Kiitaliano ziliangusha mabomu Malindi. Ndiyo, Malindi hiyo hiyo ambayo leo utaagiza pitsa kwa Kiitaliano.

Zilikuwa ndege za aina gani?

Watu wengi wakisema "ndege ya kivita" humaanisha chochote chenye bunduki. Sisi tunatenga. Kuna ya kuangusha mabomu, kuna ya doria kama Catalina, na kuna ndogo, nyepesi, ya mtu mmoja au wawili, ambayo kazi yake ni kuziangusha ndege nyingine. Hii ya mwisho ndiyo watu wanayoitafuta, labda kwa sababu ndiyo iliyopendeza kwenye picha.

Kwenye manowari zilizopiga Diego Suarez, kule Madagaska, tarehe 5 Mei 1942, kulikuwa na Martlet za Marekani, Fulmar za Uingereza na Sea Hurricane. Zilikutana na Morane za Wafaransa waliokuwa upande wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Fulmar ilikuwa nzito na pole, watu wawili ndani, na marubani hawakuisifu sana. Lakini zilitengenezwa takriban 600, na nzima iliyobaki duniani ni moja tu, iliyo kwenye jumba la makumbusho la Yeovilton, Uingereza. Kwa hiyo mtu akituambia ameona Fulmar chini ya maji, fundi wetu huweka kikombe chini.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa mapambano hawapendi kulisikia. Ndege nyingi za manowari hazikuangushwa na adui. Zilikosa kamba ya breki, zikateleza sitahani, zikaingia majini wakati meli imeinuka na rubani amedhani imeshuka. Nyingine zilitupwa kwa makusudi. Vita vilipoisha, Corsair ambazo Marekani iliwakopesha Waingereza zilisukumwa baharini karibu na Australia, kwa sababu mkataba ulisema zirudishwe au zilipiwe, na hakuna aliyetaka kulipa. Ndege nzima, yenye mafuta ndani, inasukumwa kama gunia la taka. Ukiikuta chini leo, usimtungie rubani wake shairi la ushujaa.

Mnajua ziliko? Tupeni mahali.

Hatutoi mahali. Kwa mtu yeyote, hata kwa shemeji.

Wavu wangu umenasa kitu chenye bawa. Nifanye nini?

Kwanza, usikivute kwa mashine. Kama jarife limeshika, likate ulipe hasara hiyo, wavu unashonwa. Andika alama zako kama unavyoandika za mwamba wa samaki: mnara gani umekaa juu ya mwembe gani, au nambari za jipiesi kama unayo. Angalia maji ni bamvua au maji mafu, maana ndiyo yatakayotuambia mzamiaji aingie lini bila kusombwa. Kisha wapigie watu wa Makumbusho, pale Fort Jesus. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina ya mambo ya kale aeleze mahali na jinsi alivyokikuta ndani ya siku saba. Kama kitu kimo ndani ya hifadhi ya bahari, hata kukigusa ni kosa jingine.

Na usikasirike tukija tukakuambia si ndege. Msimu mmoja wa kaskazi mzee mmoja alitupeleka kaskazini ya Mtwapa, ameapa kwa kila alichonacho. "Mwanangu, mimi nimezaliwa baharini. Lile ni bawa, nimeliona kwa mato yangu." Kijana wetu akashuka. Akapanda na uso wa mtu aliyemeza maji. Lilikuwa ni ubavu wa kontena la friji, bati jeupe, ribiti zimepangwa safu kwa safu, na limekaa mshazari mchangani kama bawa kabisa. Mzee alinyamaza mpaka tulipofika pwani, kisha akasema, "Basi hilo kontena lilikuwa likiruka." Tangu siku hiyo ni mmoja wetu. Ndiye yule mvuvi niliyemtaja.

Kosa lake ni la heshima. Maji hukuza kila kitu, na chumvi hufuta rangi na herufi. Sisi wenyewe hutazama mambo machache: ribiti zilizozama usawa na bati, kwa kuwa ndege hutaka mwili laini, duara la mitungi ya injini, kama petali za ua, ambalo ndilo moyo wa Martlet, mapanga ya propela yaliyopinda. Panga likipinda kwenda nyuma, mara nyingi injini ilikuwa imezimika au inazunguka polepole ndege ilipogonga maji. Kifaa cha kupima sumaku hakilioni bati la aluminiamu hata kidogo. Huona chuma cha injini na bunduki. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mashine ya "kunusa ndege" muulize ananusa sehemu gani yake.

Nikiikuta mimi, si yangu?

Hapana. Ndege ya jeshi haigeuki mali ya aliyeiona, hata ikikaa miaka mia. Uingereza ina sheria ya 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, na Marekani ina yake ya 2004 kuhusu vyombo vyake vya kijeshi vilivyozama. Zote mbili zinashikilia kwamba mwenye mali bado ni mwenye mali. Kenya nayo ndiyo yenye maji na yenye sheria ya urithi. Kwa hiyo ukiichomoa kimyakimya umezikosea serikali mbili kwa mkupuo mmoja.

Kuna pia mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji, ambao unahesabu kitu kilichokaa majini angalau miaka 100. Ndege za Kilindini za 1942 hazitafika hapo mpaka 2042. Lakini Rufiji imeshafika. Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza iliyokuwa ikielekeza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg ilipigwa, na rubani Cull na mwangalizi wake Arnold wakaanguka nayo mtoni, lakini walitolewa hai.

Kwani si chuma tu? Kilo ya aluminiamu inalipa.

Inalipa, na hatutajifanya hatujui njaa. Martlet tupu ilikuwa na zaidi ya tani mbili. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, joto ambalo tanuri la mkaa na feni ya kuzungushwa kwa mkono hulifikia. Mafundi wa sufuria wanamwaga kwenye kalibu za mchanga, na kesho kuna mtu anapikia wali. Sidhani nitakosea nikisema kwamba baadhi ya ndege za vita za Afrika Mashariki zimeshapika pilau za harusi nyingi.

Lakini hesabu hiyo hupigwa mezani. Majini ni nyingine: boti, petroli, mitungi ya hewa, na bati lililoliwa na chumvi ambalo mwenye mizani atakukata nusu kwa sababu ya uchafu. Halafu kuna risasi. Martlet ilibeba bunduki za kipenyo cha nusu inchi, na risasi zake zinaweza kuwa bado zina baruti. Mitungi ya oksijeni iliyooza hupasuka. Na sahani za mita zake zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae usiku. Zimeacha kung'aa, miale haijaacha. Tumeona mtoto akiivaa sahani kama hiyo shingoni kama hirizi. Ilikuwa ya meli na si ya ndege, ila rangi ni ile ile.

Na kumbuka Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Marufuku iliondolewa Mei, lakini tangu hapo mwenye mizani mwerevu huuliza umetoa wapi.

Basi itoeni nyinyi mnaojua. Mbona mnaiacha ioze?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake nimelilipia.

Miaka kadhaa nyuma, kabla hatujajipangia masharti, nilipewa kipande kilichonaswa kwenye wavu. Ukubwa wa sahani ya pilau, kijivu, safu mbili za ribiti, na pembeni nambari imepigwa chapa, tarakimu tano au sita. Nilikisuuza kwa maji ya mfereji, nikakikausha kwa kanga kuukuu, nikakiweka juu ya kabati la sebuleni ili wageni wakione. Wiki ya tatu kikaanza kutoa unga mweupe, kama kuku aliyepakwa unga wa ngano. Nikaupangusa. Ukarudi. Ribiti zikaanza kudondoka moja moja usiku, tik, juu ya kabati, na mke wangu akidhani ni mjusi. Ramadhani ilipoingia nilikishika pembeni kikavunjika kama biskuti. Pale palipokuwa na nambari palikuwa na tundu. Sikuwa nimeipiga picha. Sikuwa nimeiandika popote. Nambari ile ndiyo pekee iliyoweza kutuambia ilikuwa ndege gani na nani alikuwa ndani.

Sababu fundi alinieleza baadaye, na hakunionea huruma. Bati la ndege halikuwa aluminiamu safi. Lilichanganywa na shaba kidogo ili liwe gumu, na mchanganyiko huo ni dhaifu mbele ya chumvi. Penye chuma na aluminiamu vimegusana ndani ya maji ya bahari, umetengeneza betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Sehemu za magnesiamu huisha kabisa. Chini, kitu kikifunikwa na mchanga na gamba la matumbawe, hewa ni kidogo na ulaji hupungua, kikafikia mapatano na bahari. Ukikitoa kwenye hewa, mapatano yamevunjika. Chumvi iliyojificha ndani ya bati hupata oksijeni na kazi huanza upya, kwa kasi.

Waingereza walipoitoa Dornier 17 ya Kijerumani kwenye mchanga wa Goodwin, Juni 10 mwaka 2013, hawakuipeleka jumba la maonyesho. Waliiingiza kwenye mahema marefu ya plastiki huko Cosford na kuinyunyizia maji yenye asidi ya limau ili chumvi itoke, kazi isiyokuwa ya wiki wala miezi michache. Hiyo ni nchi yenye makumbusho ya jeshi la anga, maji ya mfereji yasiyokatika, na fedha. Kuinua ilikuwa ndiyo sehemu rahisi.

Na sisi tuna mfano wetu, mkongwe kuliko huo. Santo António de Tanná, meli ya Wareno, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Kuanzia 1977 wazamiaji wa Makumbusho ya Taifa na wenzao kutoka nje waliichimba misimu kadhaa, wakapima, wakachora, wakatoa vyombo vya udongo, mizinga, vitu vya mbao. Mwili wa meli wakauacha. Ungehitaji tangi kubwa, kemikali, na watu wa kuulinda kwa miaka. Wakaufunika tena kwa mchanga, na mpaka leo uko pale pale chini ya boti zinazovuka kwenda Mkomani. Hakuna anayesema Santo António imepotea.

Lakini wenzetu wamezitoa na zikaruka tena. Si mmeona?

Tumeona. Ndege moja ya Marekani aina ya Lightning iliyotua kwa dharura kwenye barafu ya Greenland Julai 1942 ilichimbuliwa mwaka 1992 kutoka kina cha mita 80 na ushei, na Oktoba 2002 ikaruka. Spitfire, ndege ya Uingereza, iliyoangukia ufuko wa Calais mwaka 1940 ilifichuka mchangani miaka arobaini baadaye, ikatengenezwa, ikaruka 2011, na 2015 ikauzwa kwa pauni milioni 3.1.

Sasa muulize fundi wetu. Atakwambia: ya Greenland ilikuwa kwenye barafu, si kwenye chumvi. Ya Calais, hesabu bati la zamani lililobaki ndani yake, kisha uniambie kilichoruka ni kile kilichoanguka au ni kaka yake mdogo. Mvuvi wetu anapinga. Mashua yake imebadilishwa mkuku, mbavu na mbao zote kwa miaka thelathini, na ni ile ile ya marehemu baba yake, kodi ya gati analipa kwa jina lile lile. Ubishi huu umemaliza birika tatu za kahawa na haujaisha.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Misri. Mwaka 2012 mfanyakazi wa mafuta kutoka Poland aliikuta ndege aina ya Kittyhawk katikati ya Jangwa la Magharibi, imekaa kama ilivyotua Juni 1942. Rubani alikuwa Dennis Copping, wa jeshi la anga la Uingereza. Alitoka hai, akatengeneza kivuli kwa parachuti yake kando ya ndege, kisha akaondoka kwa miguu. Ndege ilihamishwa, na baadaye ikawekwa kwenye jumba la makumbusho la El Alamein, ikapakwa rangi mpya, rangi ambazo haikuwahi kuwa nazo. Jua lilikuwa limeichapa miaka sabini na kuiacha na rangi yake, bati lake na ukweli wake wote. Ndoo moja ya rangi ikamaliza.

Ni kweli kuna ndege mpya zimezikwa kwenye makasha mahali fulani?

Huu ni ugonjwa wa dunia nzima. Miaka ya karibuni watu walisadiki kwamba mwaka 1945 Waingereza walizika Spitfire nyingi kule Burma, mpya, zimepakwa grisi ndani ya makasha. Mikataba ikatiwa saini, wachimbaji wakaenda Rangoon Januari 2013, wakakuta mabomba na udongo.

Pwani yetu tuna toleo letu: mali ya Mjerumani. Jiwe lenye msalaba, ramani iliyokunjwa mara nane, mganga anayetaka mbuzi mweusi, na mtu wa bara aliyeuza gari ili achimbe chini ya mbuyu. Mtu akikujia na "kasha la ndege ya Mwingereza, halijafunguliwa" na anataka chochote mbele, ujue wewe ndiye mali inayochimbwa.

Tukikuta mifupa?

Simameni. Musiguse, musipige picha ya kutuma kwenye makundi. Ripotini polisi na Makumbusho. Lile si eneo la ndege tena, ni kaburi.

Kwa nini tuhangaike na ndege ya mkoloni? Vita vyao, mashujaa wao.

Hapa hata sisi wanane hatuko pamoja, na nitayasema yote.

Mwalimu wetu hukumbusha kwamba jeshi lile lile la anga linalotukuzwa kwa kuikomboa dunia lilirudi Kenya miaka ya 1950 na ndege za Harvard na Lincoln, likaangusha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Aliyekuwa chini ya mti kule hakuhisi tofauti kati ya bawa la ukombozi na bawa la utumwa. "Ndege haina historia yake peke yake," hupenda kusema. "Ina ya aliye juu na ya aliye chini."

Kijana wetu mzamiaji hujibu, "Mwalimu, mimi nikishuka kule sioni bendera. Naona kiti cha mtu wa miaka ishirini na mbili." Naye ana haki yake.

Mimi nina neno langu, na limekomaa zaidi kila mwaka. Hizo Martlet hazikujipakua. Mafuta hayakutembea yenyewe kutoka gatini. Kilindini ilibebwa na mabega ya makuli wa Kiswahili, Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo, Wahadhrami, waliolala wengi chumba kimoja huku bei ya mchele ikipanda kwa ajili ya vita. Vita vikaisha, mishahara ikabaki pale pale, na Januari 1947 mji mzima ukagoma, wafanyakazi 15,000 hivi, bandari ikanyamaza. Chege Kibachia akawa sauti yao. Huo nao ni urithi wa ndege zile, na hauhitaji mzamiaji.

Nenda pia kwa Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka hapa Februari 1944 kuelekea Colombo imejaa wanajeshi, pamoja na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Nimewauliza vijana wengi wa Likoni na Changamwe: kati ya kumi hakuna hata mmoja aliyeijua, na watatu kati yao walikuwa na picha ya Spitfire kwenye simu. Wakati huo huo tunapita mbele ya sanamu ya askari mjini, iliyojengwa baada ya vita vya kwanza. Maandishi ya sanamu za namna hiyo yanamwahidi askari kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa.

Kwa hiyo sisemi ndege isitafutwe. Nasema siku itakapowekwa mbele ya watu, kibao chake kianze na aliyeipakua.

Ingewekwa wapi kama ingetolewa? Fort Jesus?

Fort Jesus tayari ina mzinga wa Königsberg na wa Pegasus, manowari ya Waingereza, maadui wawili wa 1914 wamewekwa kivuli kimoja. Naupenda mpango huo. Ndio mjadala bora wa vita niliouona umeandikwa bila maneno. Lakini mzinga ni chuma kinene, hukaa juani. Bati la ndege kwenye upepo wa Mombasa lingehitaji nyumba kavu yenye hewa baridi mchana na usiku. Atakayeahidi kulipa bili ya umeme ya nyumba hiyo kwa miaka hamsini, aje barazani, kahawa ni yetu.

Mnafundisha watoto wa shule?

Ndiyo, Jumamosi, bure. Waje na kalamu na penseli. Huanza na kuchora kitasa cha mlango kwa vipimo, na wengi hawarudi wiki ya pili.

Babu yangu alikuwa kuli Kilindini wakati wa vita. Hana medali, hana picha. Ana faida gani kwenu?

Huyo ndiye tunayemtafuta kuliko ndege yoyote, au aliyemsikia akisimulia. Leta chochote: kipande cha kadi ya kazi, jina la serang, msimamizi wake, wimbo waliouimba wakivuta kamba.

Mama mmoja wa Majengo alitwambia hana kitu, kisha tukiwa mlangoni tunavaa viatu akauliza kama ubao unahesabiwa. Jikoni kwake kulikuwa na rafu ya vikombe, msonobari wa kigeni ambao haumei huku, na kwa chini, ukiinama, nambari zilizopigwa kwa rangi nyeusi. Baba yake aliubeba kutoka bandarini siku makasha yalipovunjwa. Kijana wetu akataka kuuomba. Mwalimu akamkanyaga mguu. Tukaomba taa tu na futi. Mama akatoa vikombe kimoja kimoja akaviweka juu ya mkeka, akatushikia tochi, nasi tukapima, tukachora, tukapiga picha kila nambari.

"Mmemaliza?" akauliza. "Haya, nirudishieni vikombe vyangu. Kile chenye maua hukaa mwisho."